Uzi: Sindano, klorini na dirisha. Hesabu za maambukizi kazini kwa wahudumu wa hospitali, Mtwara na Lindi

#1 Mnazi Mrefu

Wanakusini, salaam.

Kuna jambo linarudi kila kikao cha kudhibiti maambukizi, uwe Tandahimba au Kilwa. Mhudumu kachomwa sindano, wote wanataja VVU, mbio za dawa zinaanza, baada ya wiki hakuna anayefuatilia. Homa ya ini B haitajwi kabisa. Klorini inakadiriwa kwa macho. Chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu kimefungwa madirisha kwa kuwa kuna kiyoyozi.

Naomba wenye fani mshuke na vipimo. Gramu, dakika, asilimia. "Zingatieni usafi" tumeshaisikia sana. Tuanze na hili: mchomo mmoja wa sindano una hatari kiasi gani?

#2 Bi Msimbati

Mkuu, wastani unaotumika ni huu, kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye maambukizi na mhudumu asiye na kinga yoyote:

VVU: takriban 0.3%, watu 3 katika 1,000. Damu ikirukia jicho au mdomo ni takriban 0.09%.

Homa ya ini C: vitabu vya zamani vinasema 1.8%. Takwimu za karibuni zimeshuka hadi karibu 0.2%.

Homa ya ini B: 6 hadi 30%, kutegemea wingi wa virusi kwenye damu ya mgonjwa.

Isome hiyo ya mwisho mara mbili. Halafu kumbuka kirusi cha B hukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7. Doa lililokauka kwenye meza ya leba Jumatatu bado lina uwezo Jumamosi.

#3 Kaskazi24

Hiyo 0.3% ni ya mchomo wowote? Kuna kujikwaruza na kuna sindano kuzama.

#4 Bi Msimbati

Swali zuri kaka. Ni wastani, na wastani unaficha mengi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 1997 ulilinganisha wahudumu walioambukizwa VVU kwa mchomo na wale ambao hawakuambukizwa. Jeraha la kuzama lilizidisha hatari takriban mara 15. Damu inayoonekana kwenye kifaa, mara 6. Sindano iliyotoka moja kwa moja kwenye mshipa, mara 4. Mgonjwa aliye hatua za mwisho, karibu mara 6, kwa sababu virusi vimejaa. Waliomeza zidovudini (dawa ya VVU) baada ya mchomo walipunguza hatari kwa 81%, na hiyo ilikuwa dawa moja peke yake, enzi zile.

Kwa hiyo sindano ya kanula (ya kuwekea dripu) iliyotoka kwenye mshipa ikakuzamia kidoleni haiko kundi moja na sindano ya kushonea. Ya kanula ina tundu katikati, na tundu hubeba damu. Ya kushonea ni chuma kitupu, damu inakaa juu yake tu na nyingine inafutwa na glovu ikipenya.

#5 Moshi wa Korosho

Basi ukivaa glovu mbili umemaliza kazi?

#6 Bi Msimbati

Hujamaliza. Glovu haizuii ncha kupenya, inafuta sehemu ya damu njiani, kwa makadirio kama nusu. Kwenye upasuaji na kushona, mbili zina faida. Kwenye kutoa damu, mbili zinakupunguzia wepesi wa vidole kuutafuta mshipa, na mshipa ukikosekana unachoma mara ya pili. Chukua moja inayokubana vizuri. Saizi kubwa zinazokunjamana kwenye ncha za vidole zimechomesha wengi.

Kinachopunguza michomo ni mahali lilipo sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika. Angalia mtu akitoa damu kwenye wodi iliyojaa: anachomoa sindano kwa mkono wa kulia, wa kushoto umebana pamba, mgonjwa anavuta mkono, sefti boksi liko kwenye troli hatua nne nyuma. Sasa ana ncha wazi mkononi na safari ya hatua nne kati ya vitanda. Ndipo anaamua kuirudishia kifuniko, mkono wa kushoto umeshika kifuniko, wa kulia unalenga. Hapo ndipo kidole cha shahada na cha gumba cha kushoto huchomwa.

Dawa yake haina gharama: sefti boksi liwekwe kwanza, kabla ya kufunga tonikei (mkanda wa kubana mkono), upande wa mkono unaoshika sindano, usawa wa kiuno hadi kifua, mdomo uonekane. Sakafuni hapana. Likifika robo tatu lifungwe. Boksi la lita 5 hubeba takriban bomba 100 za sindano, kwa hiyo kliniki ya chanjo yenye watoto 130 inahitaji maboksi mawili tangu asubuhi, maana hilo moja litasukumizwa kwa kidole saa sita mchana.

Ikibidi kabisa kurudishia kifuniko, laza kifuniko mezani, kiokote kwa ncha ukitumia mkono mmoja, kisha kikaze kwa kukigandamiza mezani. Mkono wa pili uweke nyuma ya mgongo mpaka uzoee.

#7 Mwl Nanyumbu

Wakuu, mimi ni wa chaki na ubao. Ruhusuni hesabu ya Bi Msimbati niipanue kidogo, maana watu wanajumlisha vibaya.

Chukua mfano wa ubaoni, namba za wagonjwa si za mkoa wowote. Tuseme wagonjwa 5 katika 100 wana VVU, na 5 katika 100 wana homa ya ini B. Mhudumu hajachanjwa, anachomwa mara 2 kwa mwaka, miaka 30. Michomo 60.

Hatari kwa mchomo, VVU: 0.05 × 0.003 = 0.00015.
Hatari kwa mchomo, ini B (kwa kile kiwango cha juu cha 30%): 0.05 × 0.30 = 0.015.

Ya pili ni mara 100 ya kwanza.

Sasa miaka 30. Wengi wanazidisha tu kwa 60. VVU wanapata 0.009, ini B wanapata 0.9. Njia sahihi ni 1 − (1 − p)^60. Hapo p ni hatari kwa mchomo mmoja. VVU inatoka 0.00896. Kuzidisha kulikaribia sana. Ini B inatoka 0.596. Kuzidisha kumekudanganya kutoka asilimia 60 hadi 90.

#8 Kaskazi24

Mwalimu, mbona moja imekubali na nyingine imekataa? Hesabu si ile ile?

#9 Mwl Nanyumbu

Fungua mabano uone. 1 − (1 − p)^60 ni mfululizo: kipande cha kwanza 60p, toa 1,770p², jumlisha 34,220p³, na kuendelea. Kwa VVU kipande cha pili ni 0.00004, unakitupa bila majuto. Kwa ini B: 0.9, halafu unashuka 0.50, unapanda 0.62, unashuka 0.59, ndipo unatulia 0.596. Ukikatiza mapema umepotea.

Na nitachepuka dakika moja, mnisamehe. Mchezo huu ndio wanaoishi nao wakokotoaji wa fizikia ya chembe. Elektroni ni kisumaku kidogo. Kwa nadharia ya Dirac ya 1928 namba yake ya usumaku, g, ni 2 kamili. Vipimo vinaonyesha imezidi kidogo, na nusu ya hiyo ziada ni 0.00115965218. Mwaka 1948 Julian Schwinger alikokotoa kipande cha kwanza cha ziada hiyo: α gawa kwa 2π, ambapo α ni takriban 1/137. Kikokotoo cha simu kinakupa 0.0011614. Kipande kimoja, kosa 0.15%. Kipande cha pili ni hasi, kinakushusha hadi 0.00115964. Leo wamefika cha tano. Mfululizo unatii kwa sababu α/π ni 0.0023, ndogo kama VVU yetu hapo juu.

Ingia ndani ya protoni (chembe ya kiini cha atomu), kwenye kani kali ya nyuklia: namba ya uzito wa kani hukaribia 1, mfululizo hautulii, ni ile ini B yetu. Huko wanaacha vipande, wanagawa nafasi na muda kuwa gridi na kukokotoa kwa kompyuta kubwa. Kabla ya kuzidisha kwa n (idadi ya michomo), tazama kwanza np (n mara hatari ya mchomo mmoja). Ikiwa chini ya 0.1, zidisha ulale. Ikizidi hapo, tumia fomula kamili.

#10 Moshi wa Korosho

Tumetoka leba mpaka ndani ya protoni 😂 Turudi wodini mwalimu.

#11 Bi Msimbati

Mwacheni, kasaidia. Ila niongeze hapo kwenye 60%: kuambukizwa B ukiwa mtu mzima si lazima ubaki nayo. Wengi mwili huiondoa wenyewe, chini ya 5% ndio hubaki na ugonjwa sugu unaoweza kufika kwenye kovu la ini na saratani. Lakini kwa kitu chenye chanjo, hata hiyo 5% haina sababu.

#12 Mnazi Mrefu

Na wale wanaosema "kwetu hakuna aliyewahi kuambukizwa"?

#13 Mwl Nanyumbu

Waulize michomo mingapi imeandikwa kwenye rejista. Kuna kanuni ya namba 3: ukiona sifuri katika matukio n, kikomo cha juu kwa uhakika wa 95% ni 3/n. Michomo 50, aliyeambukizwa sifuri: hatari halisi inaweza kuwa hadi 6% na bado ukaona sifuri. Sifuri yao haitofautishi 0.3% na 5%.

Kule Japani, mgodini Kamioka, kuna tangi la tani 50,000 za maji, Super-Kamiokande, linasubiri tangu 1996 protoni ioze. Haijaonekana hata moja. Hawasemi haiozi. Wanasema, kwa njia ya kuoza wanayoitazama zaidi, umri wake unazidi miaka 10^34, hesabu ya sifuri ile ile. Na tangi lao lina protoni kwa mabilioni ya mabilioni, rejista ya wodi ina mistari 50 na nusu haikuandikwa.

#14 Kipimo Sawa

Mtu wa maabara hapa. Naweka saa ya kwanza baada ya mchomo, maana hapo ndipo watu huharibu.

Acha kazi. Glovu toa. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimimine jiki wala spiriti kali kwenye kidonda. Tishu ikiungua umefungua mlango mpana zaidi. Jicho: maji safi au maji ya chumvi ya dripu, dakika 15, kope zimefunguliwa, lenzi imetolewa.

Toa taarifa kwa kiongozi wa zamu. Damu ya mgonjwa ipimwe VVU, HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) na homa ya ini C, kwa ridhaa yake. Damu ya mhudumu ipimwe siku hiyo hiyo, vilevile. Kipimo chake cha siku ya kwanza ndicho kitakachothibitisha kwamba maambukizi, yakitokea, yametoka kazini. Bila hicho hata fidia huwezi kudai.

Dozi ya kwanza ya PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya mchomo) usisubiri majibu. Lenga ndani ya saa 2, mwisho ni saa 72. Majibu ya mgonjwa yakionyesha hana VVU na hayuko kwenye kipindi cha mwanzo cha maambukizi, unasimamisha. Regimeni ya kawaida ni TLD: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300, dolutegraviri 50, kidonge kimoja kwa siku, siku 28. Rudia kipimo wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kondomu muda wote huo, na damu usichangie.

Mambo matatu yanayosahaulika. Dolutegraviri hushikana na madini: vidonge vya chuma, kalsiamu, dawa za kiungulia. Meza PEP saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Pili, anayetumia metifomini asipite miligramu 1,000 kwa siku bila daktari. Tatu, kubwa: tenofoviri na lamivudini hupiga pia kirusi cha ini B. Mhudumu mwenye B asiyejijua akimaliza siku 28 na kuacha ghafla, ini linaweza kuwaka. Ndiyo sababu HBsAg yake lazima ijulikane kabla hajafika siku ya mwisho.

#15 Kaskazi24

Usiku wa Jumapili CTC (kliniki ya dawa za VVU) imefungwa, dawa utapata wapi ndani ya saa 2?

#16 Kipimo Sawa

Ndio udhaifu wa mifumo mingi. Weka kopo la dozi za kuanzia leba au mapokezi: vidonge 3 kwa mtu mmoja kwenye bahasha, bahasha nne, vipimo vya haraka, fomu, na karatasi yenye tarehe za mwisho wa matumizi upande wa nje. Ufunguo unapokezanwa na zamu pamoja na ule wa dawa za kulevya. Siku 3 zinamfikisha mtu Jumatano, CTC imeshafungua.

#17 Fundi Tanuri

Afisa afya naingia na klorini. Kosa namba moja Kusini nzima: "sehemu moja ya jiki, sehemu tisa za maji". Hiyo ni ya jiki yenye 5%. Jiki nyingi madukani ni 3.5%. Ukichanganya moja kwa tisa unapata 0.35%, na kwa damu iliyomwagika tunataka 0.5%.

Fomula: gawa asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1. 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, sehemu 6 za maji. Soma lebo kila shehena mpya.

Ya unga: gramu kwa lita = (unachotaka ÷ nguvu ya unga) × 1,000. Unga wa 65% kwa 0.5%: gramu 7.7 kwa lita, ndoo ya lita 20 ni gramu 154. Unga wa 70%: gramu 7.1, ndoo ni 143. Tumia mzani wa jikoni wa kidijitali. Kijiko cha chakula kilichojaa cha nesi wa asubuhi na cha jioni havilingani hata siku moja. Weka unga kwenye maji, usimimine maji juu ya unga. Koroga, acha nusu saa, tumia maji ya juu yaliyotulia.

Ya vidonge: kidonge chenye gramu 1.67 za chumvi ya klorini hutoa gramu 1 ya klorini. Lita moja ya 0.5% inataka gramu 5, kwa hiyo vidonge 5. Kuna vidonge vikubwa zaidi, hesabu hubadilika, soma kopo.

Ya kupangusa sakafu na vitanda visivyo na damu ni 0.05%: chukua lita 1 ya 0.5%, ongeza lita 9 za maji.

Na joto letu. Klorini hufa kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani Machi nzima ina harufu lakini nguvu imekwenda. Hifadhi chumba chenye giza na hewa, dumu lisilopitisha mwanga, changanya kila asubuhi, mwaga jioni au ikichafuka damu kabla ya hapo. Usimimine klorini kwenye ndoo ya mkojo: amonia ikikutana na klorini inatoka gesi inayochoma mapafu. Wala usichanganye na dawa ya choo yenye asidi.

#18 Dobi Mkuu

Na vyombo? Sisi tumefundishwa mkasi unaingia kwenye 0.5% dakika 10 kwanza ndipo unaoshwa.

#19 Fundi Tanuri

Ndivyo wengi tulivyofundishwa na ndoo tatu bado zimepangwa kila mahali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 wa kusafisha vifaa tiba umeacha kuloweka kwenye dawa kabla ya kuosha. Sababu ni nzito: damu huua klorini kabla klorini haijaua kitu, chuma kinaliwa na kutu kwenye bawaba, na anayebeba ndoo anarukiwa na maji yenye damu pamoja na dawa. Mkasi wenye kutu kwenye bawaba hausafishiki tena, otoklevu (mtambo wa mvuke wa kuua vijidudu) inapika uchafu.

Sasa: futa damu papo hapo, funika kwa taulo lenye maji kama foleni ni ndefu, osha chini ya maji kwa sabuni ya vifaa ukiwa na glovu nene, aproni na miwani, burashi ikiwa ndani ya maji ili isirushe matone. Suuza, kausha, otoklevu 121 °C, shinikizo la ratili 15, dakika 20 visivyofungwa, 30 vilivyofungwa. Dakika zinahesabiwa baada ya joto kufika, mlio wa kwanza wa mvuke usikudanganye.

Pale ambapo mwongozo wa kituo bado unataka ndoo ya klorini, fuata, lakini dakika 10 ziwe 10. Ukiacha usiku kucha hutaokoa maisha, utaua mkasi.

#20 Bi Msimbati

Hapo nakubaliana na Fundi kwa asilimia mia, ingawa wakufunzi wa zamani watanuna.

#21 Mnazi Mrefu

Dirisha sasa. Kifua kikuu.

#22 Kipimo Sawa

Chukua utepe wa kupimia, simu na kijiti cha udi.

Fomula: hewa inayoingia (mita za ujazo kwa sekunde) = 0.65 × kasi ya upepo × eneo dogo kuliko yote linalopitisha. Kasi utaipata kwa udi: simama dirishani, washa, pima moshi unasafiri mita moja kwa sekunde ngapi. Rudia mara tano, chukua wastani.

Mfano: chumba 4 × 3.5 × 3, mita za ujazo 42. Dirisha la alumini la kuteleza, 1.2 × 1, lakini linafunguka nusu, kwa hiyo 0.6. Mlango upande wa pili ni 1.6. Dogo ni 0.6. Mchana kusi linavuma, udi unakupa mita 0.8 kwa sekunde: 0.65 × 0.8 × 0.6 = 0.312. Mara 3,600 gawa kwa 42: hewa inabadilika mara 26.7 kwa saa. Nzuri mno, tunataka 12 kwenda juu. Usiku upepo umelala, 0.2: mara 6.7. Kwa kasi hiyo inachukua dakika 41 kuondoa 99% ya kilichoachwa hewani na mgonjwa aliyekohoa, kwa 12 ni dakika 23.

Fomula inataka hewa ipite kati kwa kati. Ukifunga mlango kwa faragha, hesabu yote imekufa. Weka pazia, mlango ubaki wazi. Wavu wa mbu uliojaa vumbi ni ukuta, osha kila mwezi, pima upepo wavu ukiwa mahali pake. Kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya, kinazungusha ile ile ikiwa baridi.

Kaa upande upepo unapoingilia, mgonjwa akae unapotokea. Kumbuka kaskazi ikianza Novemba upepo unageuka, na kiti nacho kigeuke. Majengo ya zamani yenye dari juu na madirisha pande mbili yalikuwa na akili kuliko mengi ya sasa.

Barakoa ya upasuaji mvalishe mgonjwa. Wewe N95, mikanda miwili, mmoja kisogoni juu, mmoja shingoni. Funika kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu, hewa ikitoka pembeni ya pua bana chuma upya. Ndevu zikipita chini ya ukingo, hujavaa kitu. Hifadhi kwenye mfuko wa karatasi, wa plastiki unatunza jasho.

#23 Moshi wa Korosho

Fundi, tanuri la kuchomea taka. Tuna maganda ya korosho bure viwandani. Yakitumika kama kuni?

#24 Fundi Tanuri

Yanawaka kwa joto kali kweli, ila mafuta ya ganda yana tindikali inayobabua ngozi, na moshi wake unachoma macho na koo. Kiwandani wana tanuri la kazi hiyo. Letu lina bomba fupi, moshi unaingia wodini. Kuni kavu zinatosha: washa nusu saa au zaidi kabla ya kuweka taka, chumba cha pili kiwe kimeshika moto, kisha lisha kidogo kidogo. Mfuko mmoja mkubwa wa taka mbichi unashusha joto, unaona moshi mweusi, hapo unatengeneza sumu. Moto mzuri hautoi moshi unaoonekana.

Visiingie: mifuko ya dripu, chupa zilizofungwa, betri, vipimajoto vya zebaki. Kondo la nyuma ni shimo lake, na shimo hilo usilitie klorini, utaua wadudu wanaoozesha. Majivu bado yana ncha za sindano, yaende kwenye shimo la majivu kwa koleo.

Na mwendesha tanuri apewe buti, glovu za ngozi na chanjo kama daktari. Yeye, mfanya usafi na dobi ndio wanaochomwa na sindano ambayo mwenyewe hajulikani.

#25 Dobi Mkuu

Asante kwa kututaja. Shuka linakunjwa kutoka pembeni kuja kati, ndani ya mfuko hapo hapo kitandani. Halitingishwi, halibebwi kifuani. Mfuko ushike shingoni, uwe mbali na paja, usiukandamize kutoa hewa. Sindano za kanula zinatoka kwenye mashuka kila wiki.

#26 Kaskazi24

Juu huku Newala maji ni ya kununua kwa ndoo. Kunawa kila mgonjwa haiwezekani.

#27 Kipimo Sawa

Kitakasa mikono, mnatengeneza wenyewe. Kwa lita 10: ethanoli ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya 3% mililita 417, gliseroli ya 98% mililita 145, jaza hadi lita 10 kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Funga, acha saa 72 kabla ya kutumia, peroksaidi iue vijidudu sugu vya chupani. Pima kwa kipima spiriti, isome karibu 80%. Kipimo cha mkono ni mililita 3, sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka pakauke. Mikono yenye damu au kinyesi inayoonekana, hapo maji na sabuni hayana mbadala, hayo machache muyatunzie kazi hiyo. Kitakasa kikae mbali na moto wa jiko.

#28 Mnazi Mrefu

Chanjo ya ini B, ratiba kamili, nifunge daftari.

#29 Bi Msimbati

Siku 0, mwezi 1, mwezi 6. Begani, matakoni haishiki vizuri. Ihifadhiwe 2 hadi 8 °C, ikiganda tupa. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu pima kinga kwenye damu: 10 mIU/mL na kuendelea umelindwa. Chini ya hapo, rudia dozi tatu, pima tena. Aliyechomwa kabla hajachanjwa aanze siku hiyo, bora ndani ya saa 24, na imunoglobulini ikipatikana, mililita 0.06 kwa kila kilo ya uzito, begani upande mwingine.

#30 Dobi Mkuu

Aliyepata dozi ya kwanza, ya pili ikampita miezi minane, anaanza moja?

#31 Bi Msimbati

Haanzi upya. Apewe ya pili kesho, ya tatu baada ya wiki 8 au zaidi, kisha apime. Aje na kadi ya zamani, tusimwandikie kama mgeni.